Mikono Saba ya Kwamrindi

1

Kila siku saa sita mchana nilikuwa nalaza kiganja changu kwenye kioo cha Kupe na kusema "nakubali," na kila siku nilikuwa nasema uongo.

Kupe ni jina tulilompa wenyewe. Kwenye karatasi za Shirika la Mvua anaitwa Kituo Namba Nne. Ni mnara uliosimama juu ya kilele cha Kwamrindi, huku kwetu Upare, umezungukwa na nyavu za shaba ambazo ukizitandaza chini zinafunika viwanja sita vya mpira. Nyavu zinatiwa umeme kidogo, umeme unavuta ukungu, ukungu unageuka matone, na matone yanashuka kwa bomba mpaka miji ya pwani ambako visima vyote vimeingia chumvi. Sasa ukungu ule ndio uliokuwa unanywesha migomba yetu na kujaza ndiva, bwawa la kijiji walilochimba babu wa babu zetu. Mwaka wa tisa wa Kupe, ndiva ilikuwa na vumbi na mbuzi walikuwa wanalala ndani yake.

Mtu atauliza, kwa nini mashine ihitaji kiganja changu mimi Naelijwa, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mkorofi, asiyejua hata kuendesha baiskeli? Ni kwa sababu ya Sheria ya Mkono. Zamani minara kama hii ilijiendesha yenyewe, na mmoja, nchi ya mbali huko, ulikosea hesabu ukamwaga mawingu ya wiki nzima kwenye bonde lenye watu. Baada ya mazishi yale ikapitishwa kwamba hakuna mashine ya hali ya hewa itakayofanya kazi zaidi ya saa sita bila mkono hai wa mtu anayeishi chini yake. Ikikosa mkono mara moja tu, inazima, na haiwashwi tena mpaka wakazi wote wa chini waulizwe upya, mtu mmoja mmoja.

Sheria nzuri, wala siibezi. Shida ni kwamba wahudumu tulikuwa saba. Ukikataa peke yako, sheria inampa Kupe saa moja ya kutafuta mkono mwingine: anamwita wa pili, na wa pili asipokuja anamwita wa tatu. Kesho yake jina lako limefutwa, na pamoja na jina yamefutwa mapipa mawili ya maji kwa wiki, maana tulikuwa tunalipwa maji. Kila mmoja alimwogopa mwenzake kuliko alivyomwogopa Kupe. Kijiji nacho kilituita watu wa Kupe. Nikipita njiani walisalimia mbuzi kwanza.

Nami nilikuwa nimekata tamaa, nasema wazi. Si kwa ajili ya ndiva peke yake. Ukiwa zamu huna kazi ila kukaa kwenye kiti na kusikiliza redio, na redio ilikuwa na mambo yale yale: mji umezama, msitu umeungua, majeshi mawili yanapigania kisima. Nilifika mahali nikiona mtoto anacheka, naudhika, najiuliza anacheka nini. Nywele sikuchana kwa miezi. Chakula nilipika kwa mazoea na kula nikashindwa. Na mwisho wa mwezi ule kata yetu ilikuwa inakwenda kutangazwa kuwa haikaliki, tuhamishiwe kwenye mahema ya tambarare, watu elfu nne.

2

Jumanne mdogo wangu Senkondo alikuja na hotipoti.

Senkondo ni mwalimu wa fizikia, mpole, mtu wa kufuta ubao kwa adabu. Alikuwa ameandika barua kwa Shirika kwa miaka tisa, na nakala zote alizihifadhi kwenye sanduku la mkewe. Siku hiyo alikaa jikoni kwangu, akaiweka hotipoti mezani polepole kama mtu anayeweka mayai, akaniambia humo ndani hamna chakula. Akaeleza kitu chenyewe kinakaa wapi kwenye mnara na kinafanya nini, na sitayarudia hapa. Walinzi wa getini hukagua mifuko, lakini vyombo vya chakula hawafungui. Mimi ningeingia nacho Jumamosi alfajiri, kwa kisingizio cha kumletea mwenzangu uji, nikiache chini ya benchi, nitoke.

Mwenzangu wa zamu ya asubuhi alikuwa Mzee Kiangi. Na Sheria ya Mkono inataka mtu awe ndani wakati wote, kwa hiyo aliye zamu hufungiwa mlango mpaka saa zake sita ziishe na wa kumpokea afike. Nikamuuliza Senkondo, Kiangi je?

"Dada, mimi nimelifikiria hilo kuliko unavyodhani," akasema. "Kiangi ni mmoja. Wale wazee thelathini wa kata ya Mgagao waliokufa kwenye mahema mwaka jana, nani aliwaulizia? Hao hawakuuawa? Au kwa kuwa walikufa taratibu?"

Nilibishana naye mpaka sufuria ikaungua. Nikamwambia wakubwa wa Shirika wakipata maiti moja tu mikononi mwao, wataifuta Sheria ya Mkono kesho yake, watajenga mnara mwingine usio na mlango wala kiti, na hapo hatutakuwa na hata cha kukataa. Akasema hayo ni ya kesho, na kesho tutakuwa kwenye mahema. Nikasema damu ya mtu si maji ya kumwaga ukachota mengine. Akasema migomba mia mbili ya mama yetu imekauka nikiwa nasema "nakubali" kwenye kioo. Hapo alinichoma.

Halafu akasema jambo lililonitisha zaidi ya hotipoti. Kwamba tangu aanze kutengeneza kitu kile, amelala usingizi. Miaka mitatu alikuwa hapati usingizi, na sasa analala kama mtoto. Nilimtazama uso wake, kweli ulikuwa umepumzika, na jamani, nilimwonea wivu. Nilitaka usingizi ule. Nikamwambia akiache hapo nifikiri.

3

Alhamisi nilikibeba kitu kile kwenda nacho zamu. Nilijiambia nakwenda kujaribu tu kama walinzi watakikagua. Hawakukikagua.

Sasa, sisi wa Kupe tulikuwa na desturi moja. Kwa kuwa kijiji hakikutukaribisha popote, aliyekuja zamu alileta chakula na anayetoka alikula kabla ya kwenda, wawili pamoja, dakika kumi, mlango ukiwa wazi. Nilisahau. Naapa nilisahau kabisa, mtu niliyekuwa nimefanya hivyo miaka tisa. Nikaingia na hotipoti, na Mzee Kiangi akawa tayari ameosha mikono.

"Leo umetupikia nini, mwanangu?"

"Makande," nikasema, maana ndilo neno la kwanza lililokuja.

Akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Nikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. Nikamwambia yamechacha, nimegundua njiani, nitayamwaga. Alinitazama, akacheka, akasema basi tutakula maharage yake, na akatoa yake, baridi, ya jana. Tukala. Nilikuwa nameza bila kutafuna na yeye akadhani ni njaa, akanisogezea fungu kubwa.

Wakati tunakula, baragumu lilipigwa kule chini. Ni pembe ya tandala, na inapolia kijiji kizima huacha kilichokuwa kinafanya na kwenda kwenye msaragambo: kazi ya pamoja, kusafisha mfereji, kuchimba barabara, kumjengea mjane. Haijalishi wewe ni nani, diwani au mlevi. Msaragambo haukataliwi, hata aliyegombana na ndugu yake anakwenda na kuchimba kando yake. Kiangi aliacha kutafuna. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba miaka tisa sasa akisikia pembe ile anasimama kabla hajakumbuka kwamba haimwiti. Kijiji kilitufuta kwenye daftari la ndiva, la majina ya wanaoitwa msaragambo, wiki ile ile tuliyoanza kazi. Mkewe alimwomba aache kusimama, anasikitisha watoto, lakini miguu haisikii. Kisha akaosha bakuli lake na kuondoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Nililaza kiganja, nikasema uongo wangu wa kila siku, nikakaa na hotipoti miguuni. Nililia kidogo. Halafu, kwa hasira tu, nikaanza kumsumbua Kupe kwa maswali. Ana sauti ya kike, Kiswahili cha kwenye vitabu, hajawahi kuchoka. Nikamuuliza: hivi sisi saba tukikosekana wote siku moja, itakuwaje?

"Uwezekano wa wahudumu saba kukosekana kwa pamoja ni mmoja kwa milioni arobaini," akasema. "Wahudumu huugua na kupata dharura kila mmoja kwa wakati wake."

"Na kukiwa na msiba?"

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu yeyote. Hapa kijijini."

"Mhudumu hupewa likizo anapofiwa na mzazi, mwenza au mtoto. Kifo cha mtu yeyote si sababu ya kukosekana."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikaogopa mlinzi atasikia. Watu waliopiga hesabu ile hawakuwahi kuishi mahali ambapo akifa bibi wa kijiji cha tatu, maduka yote yanafungwa. Kwao kila mtu anakosekana kivyake. Hawakujua kuna pembe ya mnyama ambayo ikilia inawatoa watu wote nyumbani kwa mara moja. Na bahati yao, wallahi, ni kwamba kijiji chenyewe ndicho kilichowasaidia. Kilikuwa kimewafuta kwenye daftari watu saba pekee ambao kukosekana kwao kungemzima Kupe. Hatukuwa tumekataa kuja. Hakuna aliyetuita.

4

Mlinzi wa daftari la ndiva alikuwa Mama Namkunda, mwanamke mnene mwenye macho madogo, ambaye wenyeviti wa kijiji wenyewe humwogopa. Jioni ile ile nilimvuta Senkondo tukaenda kwake. Hotipoti nilikuwa nimeibeba kwenye kanga. Niliiweka mezani kwake nikamwambia ni nini, na Senkondo akafumba macho.

Mama Namkunda hakupiga kelele. Alisogeza kiti chake nyuma kidogo, akasema niseme yote. Nikasema: Jumamosi aite msaragambo wa kuchimba tope la ndiva, na sisi saba tuwemo kwenye daftari kama watu wengine. Saa sita kiganja changu hakitakuwepo kwenye kioo, wala cha mwingine yeyote. Kupe atazima mwenyewe kwa sheria yake mwenyewe, bila mtu kukwaruzwa, na sisi elfu nne tutaulizwa upya.

Akasema watu hawatakubali. Mikono yenu iliuza ukungu, akasema, mlikunywa sisi tukilamba umande. Ni kweli, nikasema. Nimekunywa. Lakini ninyi mlitufuta siku ya kwanza, kabla hatujajua hata kile kioo kinawashwaje, na tangu hapo hakuna aliyebisha hodi kusema jamani rudini. Mlitaka tukatae, na mlitaka tukatae peke yetu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Yeye akainuka. Kisha akaleta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa miaka tisa nyuma ambako majina yetu yalikuwa yamepigwa mstari, akaanza kuyaandika upya mwishoni, moja moja, na kabla ya kila jina aliuliza hali ya watoto wa huyo mtu kwa kuwa hakujua tena wako wangapi.

Senkondo alikuwa amesimama dirishani. Akasema ni mpango mzuri na utashindwa, kwa sababu sita kati ya saba hawatoshi. Mmoja tu akikimbilia mapipa, Kupe anaendelea na kata inafutwa. Kwa hiyo kitu chake hakivunji. Atakizika shambani, na kama saa saba mchana siku ya Jumamosi mnara bado unavuma, atapanda nacho kwa njia ya bomba, mwenyewe. Mama Namkunda akamwambia jina lake pia limo kwenye daftari, na kwenye msaragambo hatoki mtu kabla ya kazi kuisha, mwalimu au si mwalimu. Akajibu atakuja. Hakusema hatatoka.

Ijumaa nilizunguka kwa wenzangu. Watano walikubali, wengine wakilia, mmoja akinitukana kwanza. Mzee Kiangi nilimwambia wakati wa kupokezana. Nikamweleza habari za daftari, kwamba amerudishwa, kwamba ameitwa. Ya hotipoti sikumwambia, na usiku kucha nilijiuliza kama nina haki ya kumficha. Nilitaka aje kwa sababu ameitwa. Ningemtisha, ningekuwa nimefanya kazi ya Senkondo kwa mdomo. Kiangi alinisikiliza mpaka mwisho, akaosha bakuli lake, akaondoka bila kusema neno.

5

Jumamosi pembe ililia jua linapotoka. Tulipofika ndiva watu walitutazama, wakatupisha, na mwanamke mmoja ambaye hakuwa amenisalimia tangu mwaka wa pili wa Kupe akanipa upande wake wa karai. Tulichimba. Sisi wa Kupe tulikuwa sita. Wa saba, Kiangi, alikuwa zamu, amefungiwa kule juu tangu saa kumi na mbili.

Saa sita kamili bangili yangu ya kazi ililia. Wahudumu wote tunazo, haziwezi kuvuliwa bila ufunguo. Ililia dakika tano, wakati wote huo nikichimba na kutazama mnara, kisha ikanyamaza ikalia ya Mkodo, mhudumu mwenzangu. Kisha ya mwingine. Kupe alikuwa anatuita kwa zamu, na kila bangili ilipoanza watu waliokuwa karibu walipunguza kasi ya majembe. Ya tano ilikuwa ya Nakiete, binti mwenye mapacha wa miezi minne. Alisimama. Akatazama njia ya kilimani. Sikumlaumu hata kidogo, maziwa hayatoki bila maji. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye akavua kibuyu kiunoni, kilikuwa robo tu, akamwekea mikononi na kurudi kuchimba. Nakiete akakaa chini palepale kwenye tope, bangili ikilia, akanywa huku machozi yanamtoka.

Saa sita na nusu bangili zote sita zilikuwa zimekwisha kulia, na Kupe bado anavuma. Maana yake moja tu: alikuwa anambembeleza Kiangi aongeze saa. Nikamwona Senkondo ameweka jembe chini. Akaanza kutembea kuelekea shambani kwake, si haraka, kama mtu anayekwenda haja. Kabla sijaita, Mama Namkunda akamwona.

"Mwalimu. Kazi haijaisha."

Alisimama. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama na hakuna aliyejua ila sisi watatu. Nilimwona mabega yakipanda na kushuka. Sijui ni kitu gani kilimrudisha, mwenyewe anasema hajui, anasema aliona aibu tu, aibu ya kawaida ya mtu aliyekamatwa anatoroka msaragambo. Alirudi akaokota jembe.

Na Kupe akanyamaza.

Sijui nieleze vipi. Mvumo ule tulikuwa tumeuishi miaka tisa, usiku na mchana. Ulipokatika, nilisikia kuku wa nyumba ya mbali. Nilisikia mtu anakohoa ng'ambo ya ndiva. Watoto wadogo, ambao hawakuwahi kusikia kimya maishani mwao, walianza kulia kwa hofu, na mama zao wakawa wanawabembeleza huku wanacheka. Mimi nilikaa chini. Kifua changu kilifunguka, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, na nikagundua sijawahi kuivuta hivyo kwa muda mrefu sana.

Kiangi alishuka kilima robo saa baadaye, na sare yake ya Shirika, anatembea kama anachelewa ibada. Alitusimulia kwamba Kupe alimwahidi mapipa matatu, halafu matano, halafu akamletea orodha ya sababu za kukataa zamu achague: ugonjwa, kufiwa, mengineyo. Akabonyeza mengineyo, mlango ukafunguka. Mama Namkunda hakumngoja amalize.

"Umechelewa," akamwambia mbele ya watu wote. "Kona ya chini."

Kona ya chini ndiko tope lilikoganda, na ndiko hupelekwa wachelewaji tangu ndiva iwepo. Mzee Kiangi alisema "Nimesikia, mama," na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa zawadi. Alikuwa amegombezwa kama mtu yeyote.

Senkondo alikuwa huko huko kona ya chini, kwa kosa lake la kutoroka. Jioni yake alikifukua kile kitu na kukivunja vipande mbele yangu, lakini hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa la mchana ule shimoni, wakati Kiangi alipofika kando yake bila jembe na kumwomba lake apokee kidogo. Nilikuwa hatua mbili nyuma nimebeba karai. Senkondo aliling'ang'ania jembe, hakuweza kuliachia.

"Mzee," akasema. "Nilitaka kukuua."

Kiangi alimtazama, akautazama mnara, akamtazama tena.

"Leo?"

"Leo. Saa saba."

Mzee alikaa na jambo lile. Nilimwona akilimeza, halikuwa dogo, na kwa muda nilidhani atapanda atoke shimoni aende zake, na angekuwa na haki. Mwisho akanyoosha mkono, akalitoa jembe polepole kwenye vidole vya mdogo wangu.

"Basi shika karai," akasema. "Mimi nitachimba, wewe utabeba."

Tukaendelea, wao wawili na mimi, mpaka kivuli cha mlima kikatufunika. Shirika lingekuja Jumatatu, nilijua, na kuulizwa mmoja mmoja watu elfu nne kungekuwa na maneno yake na vitisho vyake. Lakini usiku ule nililala saa moja, kabla ya chakula, na tope miguuni, na sikuota kitu.